Moto Mmoja, Kazi Tano: Kuishi na Jiko la Kujengwa Katika Uwanda wa Ufipa

Lengo la somo

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji anayeishi Sumbawanga, mjini au vijijini, na mahali pengine popote katika Uwanda wa Ufipa, ambaye anafikiria kuyaacha mafiga matatu na kujenga jikoni mwake jiko la kuni la kudumu lenye bomba la moshi. Baada ya kulisoma, tunatarajia kwamba msomaji ataweza kueleza raha na faida za jiko la namna hiyo, atalitambua jiko jema kabla ya kulilipia, atanunua kuni bila kupunjwa, na ataijua hatari moja ya majira ya baridi ambayo kila nyumba haina budi kuijua.

Tunaanza na raha kwa makusudi. Maelezo mengi kuhusu nishati ya kupikia huanza na makatazo, na msomaji huyafunga kabla hayajafika mwisho. Mlaji hanunui kitu kwa woga peke yake. Hununua kwa kuwa kitu hicho kinamkaribisha katika maisha anayoyataka. Aliyekwisha kujua raha ya jiko jema hakubali kwa urahisi kuuziwa jiko baya.

1. Mahali petu na baridi yake

Mji wa Sumbawanga umekaa katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Milima ya Mbizi iliyo jirani hupanda juu zaidi ya hapo. Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki yako chini ya uwanda huu kwa mita zipatazo elfu moja. Kwa sababu hiyo, mtu anayepanda kutoka Kirando kwenda Sumbawanga mwezi wa Juni hubadilisha hali ya hewa kabisa ingawa hajautoka mkoa. Kule chini alilala dirisha wazi. Huku juu anatafuta blanketi la pili.

Mwinuko huu una athari nyingine ambayo wapishi huiona kila siku. Pwani, maji huchemka yanapofikia nyuzijoto 100 za Selsiasi. Sumbawanga huchemka yakiwa na nyuzijoto 94 hivi, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na haiyagandamizi maji kwa nguvu ileile. Tena, maji yakishachemka hayaongezeki joto hata ukiongeza kuni. Huzidi tu kugeuka mvuke. Ndiyo maana maharage huchukua muda mrefu zaidi Ufipa kuliko Dar es Salaam, na mpishi mgeni huyalaumu maharage bure. Chungu hicho kinadai saa nyingi za moto mdogo usiokatika, wala hakisaidiwi na miali mikubwa.

Mambo hayo mawili, yaani baridi ya usiku na chakula kinachochelewa kuiva, ndiyo yanayolifanya jiko la kujengwa kuwa mwenzi mwema wa nyumba ya Ufipa.

2. Jiko tunalolizungumzia

Jiko la kujengwa huweza kuwa la matofali na udongo, la chuma kizito, au la mchanganyiko wa hivyo viwili. Moto wake umefungiwa ndani ya chumba kidogo chenye mlango. Hewa huingia kwa chini, kupitia chanja ya chuma inayobeba kuni. Joto na moshi hulazimishwa kupita chini ya bamba lenye nafasi mbili au tatu za sufuria, pengine huzunguka tanuri la kuokea na kuyagusa maji yaliyo katika pipa la pembeni, kisha hutoka nje kwa njia ya dohani, yaani bomba la moshi. Katika mafiga matatu moto hutumikia chungu kimoja na kuliachia paa joto lililobaki. Katika jiko hili joto halipewi ruhusa ya kutoka mpaka limefanya kazi.

Katika nchi za baridi za Ulaya, jiko la namna hii lilikuwa moyo wa nyumba kwa vizazi vingi. Walowezi wa nyanda za juu za Kenya walilitumia pia, hasa jiko la chuma lililojulikana kwa jina la Dover. Mwaka 1922 Gustaf Dalén, mhandisi wa Sweden aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912 na kupofuka kwa ajali mwaka huohuo, alibuni jiko la AGA. Alitumia chuma kizito kilichotunza joto usiku na mchana, akakizungushia kihami joto ili joto lisipotee, na juu ya mabamba ya moto akaweka vifuniko. Shabaha yake ilikuwa mpishi asilazimike kuuchunga moto kila dakika. Mafundisho mawili ya jiko lile yanamfaa hata ajengaye kwa udongo: tunza joto ulilokwisha kulinunua, na lifunike usipolitumia.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba elimu ya dohani ililetwa Ufipa kutoka nje. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo urefu wake ulifika mita tatu hivi, na baadhi ya magofu yake yangali yamesimama uwandani. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, kwa kuwa hewa ya moto iliyopanda ndani ya mnara ule iliivuta hewa baridi nyuma yake. Kazi hiyo ilififia katika karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea, lakini kanuni yake haikufa. Bomba la moshi la jiko lako ni ilungu dogo: likiwa refu na lenye joto, huvuta, likiwa fupi, baridi au limezibwa na masizi, hurudisha moshi machoni pako.

3. Kazi tano za moto mmoja

Kazi ya kwanza ni kupika polepole. Alfajiri moto huwashwa kwa uji wa ulezi na chai. Uji ukishaepuliwa, chungu cha maharage yaliyolowekwa tangu jana husogezwa juu ya makaa, mlango wa hewa hupunguzwa, na kazi ya shamba au ofisi huendelea, alimradi mtu mzima mmoja abaki nyumbani. Maharage yaliyoiva kwa namna hiyo huwa na mchuzi mzito bila kupondwa, na maganda yake hulainika. Jioni mlango wa hewa hufunguliwa, kuni kavu mbili au tatu huongezwa, na ugali husongwa juu ya moto mkali wakati migebuka ikichemka kwenye nafasi ya pili.

Kazi ya pili ni maji ya moto. Pipa lililo karibu na njia ya moshi hupata joto ambalo lingepotea. Katika asubuhi ya Julai, maji ya kuoga ya watoto wanaokwenda shule na ya mzee mwenye viungo vinavyouma ni raha isiyohitaji kuelezwa. Tunatoa tahadhari moja: pipa hilo lisizibwe kabisa. Mvuke uliokosa njia unaweza kulipasua.

Kazi ya tatu ni kuoka. Uwanda wa Ufipa hulima ngano pamoja na mahindi, maharage na ulezi, na jiko lenye tanuri humwezesha mama au baba kutoa mkate kwa ajili ya nyumba au wa kuuza kwa majirani. Pasipo na tanuri, viazi vitamu vilivyofukiwa katika majivu ya moto baada ya chakula cha jioni huwa tayari kabla watoto hawajalala.

Kazi ya nne ni kukausha. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hunyesha na nguo hugoma kukauka. Kamba iliyofungwa mbali kidogo na jiko hukausha sare za shule na nepi. Ungo uliowekwa mahali pa joto la wastani hukausha uyoga na mboga za akiba. Kwa kuwa moshi umekwenda nje, vitu hivyo havitoki na harufu ya moshi.

Kazi ya tano ni kuota moto, na huenda hiyo ndiyo inayokumbukwa na watu kuliko nyingine zote. Ukuta wa matofali uliopata joto tangu saa kumi na mbili jioni huendelea kulitoa kidogo kidogo baada ya moto kupungua. Watu hukaa, huambua maharage, husaidia watoto hesabu, huzungumza. Ni raha ileile ya kuyazunguka mafiga, ila sasa bibi anasimulia bila kujifuta machozi ya moshi, na mtoto mchanga hakohoi.

Ni haki tuseme pia jambo ambalo jiko hili haliwezi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Gesi na umeme ni safi zaidi kuliko kuni, hata kuni zikiungua vema, na anayeweza kuvitumia avitumie. Wengi wataona faida ya kuwa na vyote viwili: gesi kwa chai ya haraka na kupasha chakula, jiko la kujengwa kwa vyakula vya muda mrefu, maji mengi na joto la nyumba. Lakini kwa nyumba ambayo leo ingali inapika kwa mafiga matatu ndani, kuutoa moshi nje ni hatua kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

4. Hatari isiyoonekana

Hapa tunamwomba msomaji asome taratibu, na ikiwezekana awasomee walio nyumbani.

Katika majira ya baridi, watu wengi huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Hufanya hivyo hasa mkaa unapokuwa mwekundu na hautoi moshi tena, wakiamini kwamba hatari imekwisha. Imani hiyo imeua watu. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Gesi hiyo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu wa mwili na usingizi mzito. Na kwa kuwa aliyelala hazisikii dalili hizo, huweza kufa bila kuamka.

Kwa hiyo tunasema bila kupunguza neno: jiko la mkaa lisiwekwe katika chumba cha kulala usiku, hata kwa dakika chache, hata kwa ajili ya mzazi na mtoto mchanga. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemewa. Ukimkuta mtu katika hali tuliyoitaja, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha umpeleke kituo cha afya hata kama anasema amepata nafuu.

Jiko la kujengwa lenye dohani inayovuta vizuri hutoa joto bila kuicha gesi hiyo chumbani, nayo ni sababu kubwa ya kulipenda. Lakini dohani iliyoziba huligeuza kuwa hatari ileile. Usizibe bomba ili kuhifadhi joto wakati makaa yangali mekundu, wala usilale katika chumba chenye jiko linalorudisha moshi.

5. Kabla hujalipa

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mlaji anayejenga jiko hana budi kujua kwamba hanunui matofali wala chuma. Ananunua joto linalokwenda mahali panapotakiwa. Yafuatayo ndiyo mambo ya kukagua.

Jiko lifuate mahali. Jiko zito la udongo na matofali huchelewa kupata moto, kwa kuwa udongo mzito hulinywa joto la kwanza. Sumbawanga joto hilo halipotei, maana hurudi usiku kuipasha nyumba. Kirando au katika bonde la Ziwa Rukwa jiko hilohilo lingekuwa adhabu, na huko jiko jepesi au la nje linafaa zaidi. Fundi anayesema kwamba jiko lake linafaa kila mahali hajafikiri vya kutosha.

Chumba cha moto kiwe kidogo na kihamiwe. Chumba kikubwa hualika kuni nyingi. Sehemu inayozunguka moto ijengwe kwa kitu chepesi chenye vinyweleo, kama tofali lililochanganywa na pumba kabla ya kuchomwa, ili joto liende kwenye sufuria. Udongo mzito ukae nje yake, pale unapotaka ukuta wa kuota. Udongo mnene si kihami joto, ingawa wengi hudhani hivyo.

Sufuria ziwe zako. Mpe fundi sufuria na vyungu vyako kabla hajapima nafasi. Tundu linalopwaya hupitisha moshi. Tundu dogo huiacha sufuria ikining'inia mbali na moto.

Bomba lipite juu ya kilele cha paa, liwe na kofia ya kuzuia mvua, na pale linapopenya dari au paa lisiguse mbao, nyasi wala nailoni. Zunguka nje na ndani, tazama kwa macho yako. Nyumba ya nyasi inahitaji uangalifu wa pekee. Kama fundi hana jibu la namna ya kuitenga na bomba, ahirisha kazi.

Jaribu mvuto. Washa kipande cha karatasi karibu na mlango wa moto, bomba likiwa limepashwa kidogo. Moto na moshi wa karatasi vikiinamia ndani, bomba linavuta. Vikirudi kwako, usipokee kazi.

Jaribu kupika. Pima kuni kwa mizani, chemsha lita tano za maji, kisha upime kuni zilizobaki. Fanya hivyohivyo juu ya mafiga ya jirani. Rudia jaribio jiko la kujengwa likiwa limekwisha kupata moto, kwa maana hapo ndipo nguvu yake huonekana. Mtu akikwambia kwamba jiko lake hupunguza kuni nusu, mwambie akuonyeshe kwa mizani; mkweli hatachukia.

Andikeni makubaliano. Karatasi moja inatosha: vipimo vya jiko, vifaa na nani anayevinunua, gharama yote, malipo ya awali, tarehe ya kumaliza, na muda ambao fundi atarudi kurekebisha nyufa bila malipo. Udongo unapokauka nyufa ndogo ni kawaida. Nyufa zinazopitisha moshi si kawaida. Usilipe fedha zote kabla ya moto wa kwanza, dai stakabadhi, na uwe na shahidi. Ukinunua jiko la chuma dukani, uliza kama lina alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, na uonyeshwe jinsi chanja na mlango vinavyobadilishwa vikiungua. Ushauri kuhusu mafundi na vifaa unaweza pia kuutafuta katika ofisi za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na katika vyuo vya VETA.

6. Kununua kuni bila kununua maji

Uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi kuliko miti, na kuni za wengi hutoka katika mikaratusi na misindano ya kupandwa. Kuni mbichi huweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Tufanye hesabu. Katika mzigo mbichi wa kilo 10 umenunua kilo 5 za maji. Katika mzigo wa kilo 10 uliokauka vema, maji ni kilo 2 hivi na mti ni kilo 8. Zaidi ya hayo, zile kilo 5 za maji hazina budi kugeuzwa mvuke na moto wako kabla hujapika chochote. Na mvuke huo huipoza dohani na kuipaka masizi yenye ulimbo.

Kuni kavu hutambulika hivi: miisho yake ina nyufa, magamba yanabanduka, ni nyepesi mkononi, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa mlio mkavu, si mlio mzito. Mnunuzi mwenye busara hununua mwanzoni mwa kiangazi, mwezi wa Mei au Juni, wakati kila mtu anazo. Huzipasua, huzipanga juu ya magogo ili zisiguse ardhi, huacha upepo upite katikati, na huzifunika kwa juu tu. Mvua za Novemba zinapofika, yeye anazo kuni za miezi mitano ya ukavu. Magunzi ya mahindi yaliyokauka husaidia kuwashia moto, na hayalipiwi.

Anayenunua mkaa akumbuke kwamba kilo moja ya mkaa hutoa joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni kavu, lakini katika tanuru la kienyeji huweza kuwa imeteketeza kilo tano hadi kumi za mti. Kwa mwenye jiko zuri la kuni, mkaa ni anasa ya gharama. Na kwa kuwa magunia hayalingani, wala makopo hayalingani, uzito ndio kipimo cha haki. Kuuza kwa lumbesa na kutumia mizani iliyochezewa ni makosa, na Wakala wa Vipimo ndiyo ofisi ya kuyapokea malalamiko hayo.

7. Matunzo

Jiko jipya la udongo lisiwashwe moto mkubwa. Likauke kwa majuma mawili au matatu, kisha liwashwe moto mdogo kwa siku kadhaa, ili unyevu utoke bila kulipasua.

Kila asubuhi ondoa majivu yanayoziba chanja. Yatie katika chombo cha chuma chenye mfuniko, si ndoo ya plastiki, kwa kuwa kaa lililofichwa majivuni huweza kuishi hadi siku ya pili. Yakipoa hufaa kusugulia sufuria na kurutubisha bustani.

Kila mwezi wa matumizi chungulia bomba, na ulisafishe kwa brashi ndefu au tawi gumu lililofungwa kamba, jiko likiwa baridi. Masizi mazito huweza kuwaka ndani ya bomba na kulipelekea paa moto. Ukisikia mngurumo ndani ya bomba, funga mlango wa hewa, toa watu nje, na upige simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Moto usiwashwe kwa petroli wala kuchochewa kwa mafuta ya taa. Watoto wadogo wawekewe kizuizi mbele ya jiko, na mikono ya sufuria igeuzwe upande wa ukuta. Bamba hubaki la moto muda mrefu baada ya moto kuzimika, na mtoto hawezi kulijua hilo kwa kulitazama.

8. Ukiona umepunjwa

Anza kwa fundi au muuzaji mwenyewe, kwa upole, ukiwa na makubaliano na stakabadhi mkononi. Mweleze kasoro na mpe siku ya kurekebisha. Asipotekeleza, peleka shauri kwa uongozi wa mtaa au kijiji pamoja na shahidi wako. Kwa bidhaa za dukani zilizouzwa kwa maelezo ya uongo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Kasoro za ubora hupelekwa Shirika la Viwango. Kasoro za mizani, Wakala wa Vipimo. Mlaji anayenyamaza humwachia jirani yake hasara ileile.

9. Maswali ya kujadili nyumbani

Figa moja haliinjiki chungu, wala mtu mmoja haamui peke yake juu ya jiko la nyumba nzima. Kaeni pamoja, pamoja na yule anayepika kila siku, na mjibu maswali haya.

Je, katika kazi tano za moto tulizozitaja, ni zipi ambazo nyumba yetu inazihitaji kweli, na ni zipi tutazilipia bila kuzitumia?

Je, moshi wa jikoni mwetu leo unatokea wapi, na nani anauvuta zaidi?

Je, kuna usiku ambao jiko la mkaa huingia chumbani? Tutafanya nini kuanzia usiku wa leo, kabla hata jiko jipya halijajengwa?

Je, kuni za msimu wa mvua tutaziweka wapi, na tutazinunua mwezi gani?

Je, nani atasafisha bomba, na siku gani ya mwezi?

Nyumba iliyoyajibu maswali haya iko tayari kumwita fundi. Swali la tatu, hata hivyo, halimsubiri fundi.